Mlango wa Pili

Mlango wa duka wenye kimo cha mita 2.1, ukipunguzwa mara 87, hubaki na milimita 24. Mtu mzima anayesimama mbele yake huwa na sentimita 2. Duka lenyewe, likiwa limejengwa juu ya kiwanja cha upana wa futi 25 kama yalivyo maduka mengi ya miji midogo ya Marekani, halifiki sentimita 9 kutoka pembe hadi pembe. Kipimo hiki, kijulikanacho kwa herufi mbili za HO, ndicho kinachopendwa zaidi na Wamarekani wanaounda reli za mfano, na ndani ya vipimo hivyo vya kidole wapo watu waliomaliza nusu ya umri wao.

Nao si watoto. Mwimbaji Rod Stewart alipouonesha hadharani mji wake wa mfano mwaka 2019, ilibainika kuwa ameushughulikia kwa zaidi ya miaka 20, na kwamba alipokuwa safarini kuimba alitaka apatiwe chumba cha ziada hotelini ili aendelee na majengo yake. Chama cha taifa cha mafundi hao, National Model Railroad Association, kiliundwa mwaka 1935, na kina utaratibu wa kuwatunuku wajenzi waliobobea. Jengo huwekwa mbele ya waamuzi na kupimwa kwa alama 125: 40 ni za uundaji, 20 za vitu vidogo vidogo vinavyolipamba, 25 za ulinganifu wake na jengo la kweli, 25 za rangi na maandishi, na 15 zilizosalia hutolewa kwa kadiri mtu alivyounda kila kitu kwa mkono wake mwenyewe. Naomba msomaji aziweke kando zile alama 25 za ulinganifu. Tutazirejea.

Wapo wanaonunua kisanduku chenye kuta na madirisha yaliyokwisha kukatwa kiwandani, wakayaunga kwa gundi na kuyapaka rangi. Wapo wanaokidharau kisanduku. Hawa huanza na ubapa mtupu wa plastiki au kadibodi, rula ya chuma, wembe, na picha ya zamani. Mistari ya matofali huichora mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Fremu ya dirisha huikata kwa ujiti wenye unene wa nusu milimita. Turubai la kuzuia jua mbele ya duka hulifanya kwa karatasi laini iliyochovywa katika gundi ya maji, likiachwa lining'inie kidogo katikati kama linavyoning'inia turubai lililonyeshewa mvua miaka kumi. Nyuma ya kioo hupanga makopo, viatu, mikate, na kadi ndogo zenye bei. Sisi watu wa visiwani tunaosema kuwa ukiona vyaelea vimeundwa tungepaswa kukaa na mtu kama huyo asubuhi moja, tumtazame akikizuia hata kifua chake kupumua wakati anapobandika bawaba ya mlango.

Duka likishakamilika, fundi huanza kuliharibu. Huo ndio ufundi wanaoutukuza kuliko wote. Wino uliozimuliwa hupitishwa ukutani ili matofali yaonekane yamekula masizi ya treni; unga wa chaki hupakwa chini ya madirisha; rangi ya kibao hukwaruzwa hadi jina la mwenye duka aliyetangulia lichungulie chini ya jina la huyu wa sasa. John Allen wa Monterey, California, ndiye aliyewazoesha wenzake kuamini kwamba kitu kipya kabisa ni kitu cha uongo, kwa kuwa hakuna mahali pa kweli ambapo vitu vyote ni vipya. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Baada yake alikuja George Sellios, aliyeanzisha kampuni ya Fine Scale Miniatures mwaka 1967 na baadaye akajenga, huko Massachusetts, reli yake iitwayo Franklin & South Manchester. Humo ni miaka ya 1930, miaka ya ule mdororo mkubwa wa uchumi. Mitaa imesongamana, mabango yamechunika, nguo zimeanikwa kwenye roshani, wanaume wasio na kazi wamesimama pembeni. Wanaoiona kazi hiyo husema ni nzuri mno, nami sina ubishi nao.

Lakini neno "nzuri" likishatamkwa juu ya umaskini, mtu mwenye dhamira husita. Je, ni halali kuufanya ufukara wa watu kuwa mapambo ya meza? Swali hili ni la zamani na halihusu reli za mfano peke yake. Mchoraji na mtunzi wa mashairi wanaulizwa vivyo hivyo. Kwa maoni yangu halina uzito mkubwa hapa. Ukuta uliochakaa ni ushahidi kwamba watu walipita, waliegemea, walishika, walifanya kazi. Anayeuchakaza ukuta wa mfano huwa, angalau, hajawafuta watu hao. Tungekuwa na sababu kubwa zaidi ya kumlaumu aliyeujenga mji wa mwaka 1933 ukang'ara kama sahani.

Swali zito liko kwingine, na ili tulione inatupasa tushuke hadi Kusini mwa Marekani.

Tumchukulie fundi anayetaka kujenga mtaa wa maduka wa mji mdogo wa jimbo la Mississippi kama ulivyokuwa mwaka 1939. Atahitaji picha, na picha zipo. Kati ya mwaka 1935 na 1944 serikali ya Marekani iliwatuma wapigapicha nchini kote, chini ya uongozi wa Roy Stryker, waandike kwa kamera hali ya wakulima na miji yao. Hasi za kazi hiyo, takriban 175,000, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la nchi hiyo, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzitazama. Kwa wajenzi wa maduka madogo hii ni hazina isiyo na kifani. Walker Evans, kwa mfano, alikuwa na desturi ya kusimama ana kwa ana na duka na kulipiga picha bapa, kama mtu anayempiga mwenzake picha ya pasipoti. Katika picha zake za Alabama na Mississippi za mwaka 1936 utayahesabu matofali ukipenda.

Katika hazina hiyohiyo imo picha aliyoipiga Marion Post Wolcott katika mji wa Belzoni, Mississippi, mwaka 1939. Ni ubavu wa jumba la sinema. Ukutani pamechorwa tangazo kubwa la kinywaji cha Dr Pepper, la aina ambayo fundi yeyote wa reli za mfano angeliona akatokwa na mate. Na kwenye ubavu huo, nje ya jengo, inapanda ngazi. Mtu Mweusi anaikwea peke yake juani. Hakuwa na ruhusa ya kuingia kwa mlango wa mbele. Mlango wake ulikuwa huo wa juu, wa kuelekea viti vya roshani.

Sasa fundi wetu ameketi mezani, picha iko mbele yake. Tangazo la kinywaji atalichora. Hilo halina shaka. Je, ngazi ataijenga?

Mafundi wengi, kwa ninavyoufahamu mwenendo wa sanaa hii, wangeiacha, na wangeiacha bila nia mbaya. Sanaa yao ina kanuni moja isiyokwepeka: mtaa wa kweli una maduka arobaini, na meza ina nafasi ya manane. Kwa hiyo kila mjenzi hupunguza kwa kuchagua. Huchukua lile duka lenye pembe ya kupendeza, akaacha ghala. Huchukua benki, akaacha uwanja mtupu. Wakati wa kuchagua, ngazi ya ubavuni huonekana kuwa kitu cha ziada kinachokula nafasi. Vibao navyo vina kisingizio chao. Kibao cha kuwaambia watu kwamba mahali hapa ni pa Wazungu tu, chenye herufi za sentimita 5, kikipunguzwa mara 87 kitakuwa na herufi za nusu milimita na kidogo. Nani atazisoma? Udogo wenyewe, bila ya mtu kuamuru, umekwisha kuifuta dhuluma.

Hapo ndipo ninapoanza kutoridhika. Mkono uleule unaosema kwamba herufi za nusu milimita hazina maana umekwisha kuandika, kwa brashi ya unywele, bei ya sabuni katika dirisha la duka jirani. Umeandika jina la kinyozi juu ya kioo, na chini yake tarakimu za bei ya kunyoa ndevu. Aliye na subira ya kuandika bei ya sabuni hana haki ya kukisingizia kipimo. Na wale waamuzi wenye alama 25 za ulinganifu wana nini cha kusema? Watahesabu vigingi vya paa, wataulizia kama rangi ile ya kijani ilikuwepo mwaka ule, watapima kina cha kizingiti. Jumba la sinema lisilo na ngazi yake linaweza kuzipata alama zote 25, ilhali ngazi ndiyo iliyokuwa ukweli mkubwa kuliko yote juu ya jumba lile.

Katika malezi yetu tumefundishwa kwamba kuuficha ushahidi si jambo dogo, na kwamba shahidi anayeitwa hana ruhusa ya kukataa. Lakini je, fundi wa kujipumbazisha ameitwa na nani? Hapa panahitaji uadilifu, maana upo utetezi wa haki kabisa kwa upande wake. Mtu amefanya kazi miaka thelathini katika ofisi au karakana. Amelea watoto. Anataka, katika chumba cha chini ya nyumba yake, mita tatu za dunia ambayo treni hufika kwa wakati na hakuna anayemdhulumu mwenzake. Anajenga kitu ambacho tungekiita ndoto, na ndoto haiapishwi mahakamani. Akisema waziwazi kwamba mji wake haupo popote, kwamba ameutunga yeye na jina lake amelitunga yeye, simuoni kuwa na deni kwa yeyote. Bustani ya maua haidaiwi historia.

Tatizo ni kwamba aghalabu hasemi hivyo. Anasema: hii ni Mississippi, hii ni 1939, na ameweka kalenda ya mwaka huo ndani ya kinyozi. Sifa anayoitafuta ni sifa ya ukweli. Anataka mtazamaji apumue na kusema, "Ndivyo palivyokuwa." Mtu akishaitaka sifa hiyo amekwisha kupanda kizimbani kwa miguu yake mwenyewe.

Yupo atakayejibu kwamba yeye anajenga uso wa duka tu, mambo ya ndani hayamhusu. Jibu hili linastahili kuchunguzwa, kwa sababu uso wa duka si kitu kisicho na hatia. Uliundwa ili uonekane; ni tabasamu la mfanyabiashara. Chukua uso maarufu kuliko nyuso zote za maduka ya Marekani ya karne iliyopita, ule wa F. W. Woolworth: ukanda mwekundu unaokata mtaa, na juu yake herufi za rangi ya dhahabu. Wajenzi wa reli za mfano wanaupenda, kwani ukiuweka tu mtaani kila mtu anajua yuko wapi na ni zama gani. Mlango wake wa mbele ulikuwa wazi kwa wote. Mtu Mweusi aliingia, akanunua, akalipa kwa sarafu ileile. Ubaguzi ulikuwa ndani, kwenye kaunta ya chakula, mahali ambapo aliruhusiwa kununua vitu vingine vyote ila haki ya kuketi. Tarehe 1 Februari 1960, katika mji wa Greensboro, North Carolina, wanafunzi wanne, Ezell Blair, David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil, waliingia kwa mlango huo, wakanunua vitu vidogo, kisha wakaenda kuketi kwenye viti vya kaunta na kuagiza kahawa. Walinyimwa, wakabaki wameketi. Kesho yake walikuja wengi zaidi. Kufikia mwisho wa Julai mwaka huo kaunta ile ilikuwa imefunguliwa kwa watu wote. Sehemu yake imo katika makumbusho ya taifa mjini Washington, na jengo lenyewe, uso wake na herufi zake, limekuwa makumbusho tangu mwaka 2010.

Kwa hiyo ukijenga uso wa Woolworth wa mji wa Kusini, wa mwaka 1959, kwa uaminifu wote wa rula na wembe, utakuwa umejenga kitu ambacho hakina hata chembe moja ya uongo na ambacho kinaficha kila kitu. Jambo hili ndilo linalonishughulisha zaidi katika maudhui haya yote. Tumezoea kudhani kwamba uongo huingia pale vipimo vinapokosewa. Kumbe vipimo vinaweza kuwa sahihi vyote. Claude Lévi-Strauss, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1962 juu ya fikra za jamii asilia, aligusia kwamba kitu kilichopunguzwa ukubwa hutupa uzima wake kabla ya sehemu zake: tunakiona chote kwa mara moja, na kwa hiyo tunajihisi tumekimiliki na kukielewa. Hisia hiyo ni tamu. Pia ni ya hatari, kwani tunachokiona chote kwa mara moja ni kile tu alichotupa mjenzi.

Siku hizi, isitoshe, wengi hutia taa ndani ya maduka yao. Zipo taa za LED ndogo kuliko punje ya mtama. Mara taa inapowaka, ndani huonekana, na utetezi wa uso huanguka wenyewe. Kaunta iko pale. Nani ameketi? Vijitu vya kuuzwa, kama vile vya kampuni ya Preiser ya Ujerumani, aghalabu huja vimekwisha kupakwa rangi, na rangi hiyo aghalabu ni ya Mzungu. Asiyefikiri sana atavigundisha kwenye viti kama vilivyokuja. Huenda akawa amesema kweli ya 1959 bila ya kujua kuwa ameisema.

Upo upinzani mwingine, nao nauheshimu kuliko ule wa kwanza. Unasema hivi: tuchukulie fundi amekubali. Ameandika kibao cha Wazungu tu kwa herufi za nusu milimita, na amekiandika kwa ustadi wa kushangaza. Siku ya maonesho, baba Mweusi anakuja na mwanawe kutazama treni. Mtoto anainama, anasoma kibao. Pembeni yake wamesimama watu wenye miwani ya kukuzia wakisema, "Tazama herufi zilivyo safi!" Fedheha ya babu yake imekuwa kitu kidogo cha kupendeza, cha kupigiwa makofi, kimewekwa baina ya mbwa anayelala na pipa la maji. Je, huku ndiko kutoa ushahidi? Au ni kumdhulumu mtu yuleyule mara ya pili, safari hii kwa brashi?

Sidhani kwamba upinzani huu unajibika kwa neno moja. Udogo hupendezesha kila kinachoguswa nao. Ndiyo tabia yake, na hakuna fundi anayeweza kuubadilisha. Gereza likipunguzwa mara 87 litaonekana kama kijisanduku cha kuwekea pete. Hivyo mjenzi aliyekiweka kile kibao kwa nia njema anaweza kuwa ametenda ubaya, na yule aliyekiacha kwa uvivu anaweza kuwa ameepusha maumivu. Ningekuwa mwamuzi wa maonesho, nisingemlazimisha mtu yeyote kukiandika.

Walakini, kibao na ngazi si kitu kimoja, na hapa ndipo ninapotofautiana na wote wawili, anayetaka kila kitu kiandikwe na anayetaka kila kitu kisahauliwe. Kibao ni tusi. Lilitungwa liumize, na likinakiliwa linaendelea kuumiza. Ngazi haimtukani mtu. Ngazi ni mbao, na inauliza. Anayeitazama hushangaa kwa nini jumba lenye mlango mzuri wa mbele lina ngazi ya nje inayopanda hadi kwenye kijilango cha juu. Hali kadhalika stesheni za reli za Kusini, zilizojengwa na vyumba viwili vya kungojea, kila kimoja na mlango wake, na karani wa tiketi katikati akiwa na madirisha mawili. Maandishi yake yalipigwa marufuku. Kanuni za serikali kuu zilizoanza kutumika tarehe 1 Novemba 1961, baada ya wasafiri wa uhuru kupigwa na kufungwa, ziliamuru yaondolewe katika stesheni za wasafiri wa jimbo hadi jimbo. Vyumba viwili havikuondoka. Ukuta haujui sheria imebadilika. Mjenzi akiijenga stesheni ile pamoja na milango yake miwili, bila neno lolote juu yake, amemwachia mtoto swali la kumuuliza baba yake, na amemwachia baba nafasi ya kujibu kwa maneno yake mwenyewe na kwa wakati wake.

Isisahauliwe kwamba reli yenyewe si mgeni katika mkasa huu. Kesi iliyoupa ubaguzi wa Marekani muhuri wa sheria ilianzia ndani ya behewa: Homer Plessy aliketi katika behewa la Wazungu mjini New Orleans tarehe 7 Juni 1892, akakamatwa, na Mahakama Kuu ikaamua dhidi yake mwaka 1896. Na katika miji mingi njia ya reli ndiyo iliyokuwa mpaka. Huko Tulsa, Oklahoma, mtaa wa Greenwood, wenye maduka, hoteli na sinema za watu Weusi, ulikuwa upande wa kaskazini wa reli ya Frisco. Tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921 umati wa Wazungu uliivuka reli hiyo ukauchoma.

Tazama sasa reli nyingi za mfano zinavyopangwa. Mtaa mkuu uko upande huu. Kisha njia ya reli. Kisha mwisho wa meza, au ukuta uliopakwa rangi ya mbingu. Upande wa pili wa reli ni mawingu. Fundi hakukusudia neno, meza imeisha. Lakini hakuna kosa la uteuzi linalorekebishika kwa urahisi kuliko hili, na hakuna linalozaa kazi nzuri zaidi likirekebishwa. Akiisogeza njia ya reli sentimita 20 tu kutoka ukingoni, atapata nafasi ya maduka mawili au matatu ya upande ule. Picha anazo: Evans aliwapiga picha watu Weusi wa Vicksburg mbele ya maduka na vinyozi vyao mwaka 1936. Anaweza kuweka duka la dobi, ofisi ya bima ya mazishi, na duka la kuuzia gazeti la Chicago Defender, lililopelekwa Kusini na watumishi wa mabehewa ya Pullman, watu Weusi waliounda chama chao cha wafanyakazi mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph. Mtazamaji ataona watu waliojijengea mahali pao, wenye vibao vyao wenyewe vya kuchorwa kwa herufi za nusu milimita, na bei zao za sabuni. Na reli iliyokuwa mpaka itaonekana kuwa mpaka, kwa kuwa sasa ina pande mbili.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba haya ni ya Wamarekani peke yao. Unguja nayo ilikuwa na reli, na waliyoijenga walikuwa Wamarekani hao hao: kampuni ya Arnold Cheney ya New York ilianza mwaka 1905 kuijenga njia ya kutoka mjini hadi Bububu, mwendo wa maili saba hivi, ikipita karibu mno na nyumba na maduka ya watu, hadi ilipokwisha katika miaka ya 1920. Tuseme kijana wa hapa, mwenye mikono mizuri, ameamua kuujenga kwa kadibodi mtaa wa Darajani wa zama zile, treni ikipita. Kazi ya kutamanika! Atategemea kadiposti za Gomes na za ndugu wa Coutinho, wapigapicha wa mjini. Atachonga milango, atapanga vikapu vya karafuu, atatundika nguo za dukani. Na atakutana na mchukuzi. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa hapa mwaka 1897, na masalio yake yakafutwa mwaka 1909. Mtu aliyebeba gunia mbele ya duka mwaka 1906 alikuwa na historia ambayo kila aliyeketi barazani aliijua. Kadiposti zilipigwa ili ziuzwe kwa wageni, na mgeni hununua mlango. Kijana wetu atamweka wapi mchukuzi? Kama amesimama pembeni ili kutoa kipimo cha ukubwa wa mlango, kama walivyopenda wapigapicha, au kama mtu anayeelekea mahali, na mahali hapo pamejengwa?

Nadhani swali la kijana huyo na la fundi wa Mississippi ni swali moja, na jibu lake ni la kazi ya mikono kuliko la hoja. Ngazi ya Belzoni si ngumu kuijenga. Vidaraja vyake ni vijiti vya mbao vyenye upana wa milimita 3, vimepangwa kwa mwinamo mmoja. Mkono wa kushikia unaweza kuwa waya wa shaba uliopakwa rangi ya kijivu. Mlango wa juu ni mdogo kuliko wa mbele, na rangi yake imechunika zaidi kwa sababu jua la alasiri linaupiga. Kisha huchukuliwa kijitu cha sentimita 2, kikapakwa rangi ya ngozi ya mtu Mweusi, kikavishwa kofia. Mguu mmoja huwekwa kwenye kidaraja cha juu kuliko mwingine. Hapana haja ya kumgeuza atutazame. Ameenda kuona filamu.